Je, Wajua? Fumbo la Firigisi

Mwaka 1986, mjini Lubumbashi, firigisi ya kuku iliibua fumbo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alisikia mezani, firigisi hiyo ilipoandaliwa, msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Maana yake nini? Akawauliza waigizaji wa kundi la Mufwankolo.

Wakageuka wapelelezi! Waliujadili msemo huo kwa Kiswahili cha Shaba, mkoa uliojumuisha Lubumbashi wakati huo, wakatunga mchezo mzima bila kuandika maneno ya kukariri. Kila mmoja alibuni kauli zake papo hapo, ufundi unaostahili heshima kubwa. Kisha wakaenda kuucheza kijijini Kawama, kamera za televisheni zikirekodi.

Mwaka 1990 Fabian alichapisha kitabu chenye mazungumzo yao kwa Kiswahili, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.