Bingwa wa Kilomita Siye Bingwa wa Saa

Kwa kilomita hakuna ubishi. Safari ndefu kuliko zote za abiria zinazoruka kwa ratiba bila kutua njiani ni ya Singapore Airlines, kati ya Singapore na uwanja wa JFK, New York: kilomita kama 15,300, zaidi ya saa 18 angani. Ndege yake, Airbus A350-900ULR, inaweza kubeba lita 165,000 za mafuta, wakati A350-900 ya kawaida hubeba kama 141,000. Mafuta ni mzigo, na mzigo ukiongezwa hapa hupunguzwa pale. Ndiyo maana viti ni 161 tu, na daraja la kawaida halimo kabisa. Mlalahoi rekodi hii ataisoma gazetini.

Ukipima kwa saa, lakini, hiyo ni cha mtoto. Mwaka 1943, vita ikiwa imeikata njia ya anga kati ya Australia na Uingereza, Qantas ilianza kurusha ndege za Catalina kutoka Perth hadi Ceylon, Sri Lanka ya leo. Umbali haukufika hata kilomita 6,000, ila safari ilichukua saa 27 hadi 33, kwa mwendo wa kujikongoja, abiria wakiwa watatu tu. Redio ilinyamazishwa ili Wajapani wasinase mawimbi yake, na njia ikatafutwa kwa nyota. Kwa kuwa jua lilichomoza mara mbili kabla ya kutua, kila abiria alipewa cheti cha Chama cha Siri cha Macheo Mawili. Kwangu mimi, mabingwa ni hawa.

Au labda Robert Timm na John Cook, waliozunguka juu ya jangwa la Nevada na jirani zake katika Cessna 172 kwa siku 64 bila kutua, kuanzia Desemba 1958. Mafuta waliyapata kwa kuruka chinichini huku lori likikimbia barabarani chini yao, kisha wakauvuta mpira juu kwa winchi. Lakini hao hawakuwa wanakwenda popote.

Kwa Afrika Mashariki, Kenya Airways ilianza Nairobi–New York Oktoba 2018: kwenda kama saa 15, kurudi kama 14. Umbali ni uleule, ila upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi, hivyo ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma. Anayeuliza ni saa ngapi mpaka New York aulizwe kwanza anaelekea upande gani.

Upande wa ufupi, Loganair huvuka kutoka Westray hadi Papa Westray, visiwa vya Orkney, Uskoti. Ratiba inasema dakika 2. Upepo ukikubali, rekodi ni sekunde 53. Ni kilomita 2.7, na njia ya kurukia ndege ya Jomo Kenyatta pale Nairobi ina zaidi ya 4.