Kitunguu saumu: cha sokoni au cha kwenye chupa?

Msimu wa mafua ukiingia, vidonge vya kitunguu saumu husogezwa mbele kwenye maduka ya dawa, pale pale unapolipia. Nilichukua chupa moja nikaigeuza. Mbele imeandikwa miligramu 1,000 kwa herufi kubwa. Nyuma, kwa herufi za sisimizi, inaeleza kwamba kiasi hicho ni cha kitunguu saumu kibichi. Miligramu 1,000 ni gramu moja tu, na punje moja tunayomenya kwa ukucha huwa na gramu tatu au zaidi. Chupa nzima ya vidonge 60, basi, ni kama kichwa kimoja na punje chache juu yake. Ikiwa chupa inauzwa shilingi 30,000 na kichwa sokoni ni shilingi 500, tofauti hiyo ni karo ya mtoto inayoliwa na kifuniko na lebo.

Vidonge vingine huandikwa 10:1, maana yake gramu kumi za mmea zimekamuliwa zikabaki gramu moja. Hapo hesabu ni nyingine kabisa, kwa hiyo usilinganishe chupa mbili kwa namba ya mbele peke yake.

Kinachotafutwa kwenye kitunguu saumu ni kemikali iitwayo allisini. Haimo kwenye punje nzima. Hutokea punje inapopondwa, na ukiiwahisha motoni haitengenezwi vya kutosha. Ponda, acha dakika kumi, kisha changanya na chakula. Maabara imeionyesha ikidhoofisha virusi kadhaa, ila kwenye kioo cha maabara allisini haina tumbo wala ini la kupitia.

Niwe mkweli kwa wauza vidonge: utafiti unaotajwa zaidi ulitumia vidonge vyenye allisini, si punje. Ulifanyika Uingereza, ukachapishwa mwaka 2001. Watu 146 walifuatiliwa kwa wiki 12. Waliomeza kitunguu saumu walipata mafua mara 24, na waliomeza kidonge kitupu mara 65. Lakini waliokwisha kuugua walipona kwa siku zinazokaribiana. Na ni utafiti mmoja, mdogo. Mimi singemshauri mtu akope kwa ajili yake. Kwa anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, vidonge hivi vinaweza kumzidishia hatari ya kutoka damu. Amuulize daktari kwanza.

Kwa kikohozi cha usiku cha mtoto, fedha hiyo ningeinunulia asali. Kijiko kimoja kabla ya kulala humsaidia, mradi awe ametimiza mwaka mmoja. Chini ya hapo asali ni hatari kwake. Kumfukiza kwa majani ya mkaratusi juu ya sufuria inayochemka sikubali hata bure, kwani maji hayo yakimwagika yanambabua.

Na mwili wa mtoto ukichemka, weka kitunguu saumu pembeni, mpeleke zahanati akapimwe malaria siku hiyo hiyo.