Toba Nayo Husafiri

Wengi wetu hudhani kwamba mlevi akisha kuacha pombe kazi imekwisha. Siku ile hupongezwa na kuombewa dua, kisha husahauliwa. Lakini walioacha miaka mingi hutuambia neno jingine: kuacha ni jambo la siku moja, bali kudumu bila ya pombe ni kazi ya kila siku. Maana ya maneno haya tuliiona kwa macho yetu katika safari moja.

Tulifuatana na jamaa yetu, pamoja na mkewe na watoto wao watatu, kutoka Geita kwenda Tabora arusini. Jamaa huyu alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Katika machimbo hayo fedha huja kwa ghafla na kutoweka kwa ghafla, na mara nyingi kilabu cha pombe ki karibu na shimo kuliko nyumba ya mtu. Alikunywa gongo, akanywa na zile pakiti za pombe kali zilizoitwa viroba. Serikali ilipozipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, yeye alikuwa amekwisha kutubu tangu mwaka 2014.

Tulipita Kahama na Isaka, na tulipofika Tinde gari likavunjika springi. Tinde ni njia panda: barabara moja yaelekea Shinyanga na Mwanza, nyingine Kahama hadi Rwanda na Burundi, na ya tatu Nzega na Singida. Malori hayakatiki hapo, wala kelele za mabaa hazikomi. Fundi akasema kipuri sharti kifuatwe Shinyanga. Tukakaa kitako chini ya mti, wenye njaa na vumbi.

Kabla ya Alasiri akatokea mtu aliyechimba naye zamani. Wakakumbatiana. Yule mtu akasema, "Ndugu yangu, hapa u msafiri, hakuna akujuaye. Njoo tupate moja tu, tuoshe vumbi la koo."

Jamaa yetu hakujibu. Alitazama ng'ambo ya barabara, naye akatazama muda mrefu. Sisi tulitaka kumkemea yule mtu, lakini mkewe alitutangulia. Hakupaza sauti, wala hakutaja mambo ya zamani. Alisema tu, "Baba watoto, maji ya udhu haya hapa. Tunakungoja utusalishe."

Watoto walikuwa wamekwisha kutandika mkeka. Akavuta pumzi, akamwambia mwenziwe, "Kaka, mimi niliacha. Ngoja tusali, kisha tutakunywa chai pamoja." Akatusalisha Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, rakaa mbili mbili, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Yule rafiki akangoja, akanywa chai, akenda zake.

Usiku alitueleza: "Nyumbani kila saa ina kazi yake, na jirani zangu wananijua. Safarini saa zimevurugika, na hakuna anijuaye. Leo miaka yangu yote ilikuwa kama jana."

Tuyafikiri maneno hayo. Kurani Tukufu haikukataza pombe kwa mara moja. Kwanza, katika Sura ya 2, aya ya 219, watu walijulishwa kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha, katika Sura ya 4, aya ya 43, walikatazwa kuikaribia sala hali wamelewa; na mwenye kushika sala tano hubakiwa na nafasi gani ya kulewa? Mwisho, katika Sura ya 5, aya ya 90 na 91, wakaamrishwa kuiepuka kabisa, kwa kuwa shetani huitumia kutia uadui baina yao na kuwazuilia sala. Hapo watu wa Madina waliimwaga, hata ikatiririka njiani. Basi sala ilikuwa boma la kumzuilia mtu ulevi kabla ya katazo kutimia, na boma hilo huchukulika safarini.

Enyi watu wa nyumbani, mwenye kutubu msimlinde kama askari amlindavyo mfungwa. Msimnuse kinywa, msimsute mbele ya watoto. Mkisafiri naye, chukueni chakula na maji, kwani njaa na uchovu humdhoofisha mtu. Jueni mapema mtasali wapi na kulala wapi. Na mpeni kazi ya heshima, kama vile kuwasalisha. Na ikiwa yuko jamaa anywaye sana kila siku naye ataka kuacha, mpelekeni kwanza kwa daktari, kwa maana kuacha kwa ghafla huweza kumletea mtetemeko na hata degedege la kuhatarisha maisha.

Nanyi vijana, msidhani kwamba ushujaa ni wa vitani tu. Sisi tuliuona Tinde, kando ya barabara, katika mtu aliyetazama ng'ambo kisha akageuka akashika udhu.

Mwenyezi Mungu awathibitishe wote waliotubu, wakiwa mjini au njiani, na atujaalie tuwe msaada kwao wala tusiwe fitina. Amin.