Ngoma ya Gitega, kikapu cha Muyinga: Uzuri peke yake hautoshi

ANAYEVUKA mpaka wa Kobero, akitoka Ngara kuingia Muyinga, hakosi kukutana na vikapu vya Kirundi vyenye mifuniko iliyochongoka. Mfanyabiashara hukigeuza kikapu, akakagua msuko na kuuliza bei. Mama aliyekibeba kichwani anajua jambo jingine. Kikapu hicho hupeleka unga au maharage kwa jamaa na marafiki, na anayekipokea hupokea pia heshima na deni la kurudisha wema.

Ni kikapu kilekile, lakini kina maana mbili. Hapo ndipo anthropolojia, yaani elimu inayochunguza binadamu na mila zake, inapoweza kutusaidia. Mtaalamu wa elimu hii haanzi kwa kuuliza kama kitu kinapendeza. Huuliza nani amekitengeneza, kwa ajili ya nani, kinatumika lini na nani haruhusiwi kukigusa.

Msomaji anayetaka mfano aende Gishora, kilomita zipatazo 7 kutoka mjini Gitega. Kilima hicho kinahusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, na kina ngoma takatifu mbili. Moja huitwa Ruciteme, maana yake yule ambaye watu humfyekea msitu. Nyingine ni Murimirwa, yule ambaye watu humlimia. Kwa Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma na pia utawala. Ngoma kuu, Karyenda, ilikuwa alama ya ufalme wenyewe. Mgeni anayefurahia mdundo tu amesikia nusu ya habari.

Jan Vansina, mtafiti wa Kibelgiji, alikusanya masimulizi ya wazee wa Burundi na mwaka 1972 akayatolea kitabu. Mwaka 1984 alitoa kingine kuhusu historia ya sanaa Afrika. Alionya kuwa vitu vingi vya Afrika vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya havikuandikiwa vizuri mahali vilikotoka, wakati wala fundi wake.

Makosa ya kutazama umbo tu yalionyeshwa wazi New York mwaka 1988. Susan Vogel aliuweka wavu wa kuwindia wa Wazande, ukiwa umefungwa, katika chumba cheupe kama sanaa ya kisasa. Baadhi ya watazamaji waliuona hivyo. Kwa mwindaji ulikuwa mtego.

Lakini kujua maana ya zamani nako hakutoshi, kwa sababu mila hutembea pamoja na watu. Ufalme wa Burundi ulifutwa mwaka 1966, lakini ngoma hazikunyamaza. Zilihamia kwenye sherehe za taifa, harusi na majukwaa ya nje, na mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Mwaka 2017 amri ya Rais ilikataza wanawake kupiga ngoma hizo na kutaka vikundi viombe kibali kwa maonyesho yasiyo rasmi. Wapo waliosema huko ni kulinda mila. Wengine walikumbusha kuwa vikundi vya wanawake vilikuwapo kabla ya amri hiyo. Anayechunguza sanaa kwa haki husikiliza pande zote mbili, kisha huuliza nani amepewa nafasi ya kusema na nani amenyamazishwa.

Swali hilo linawahusu hasa waliorudi nyumbani. Kijana aliyejifunza ngoma kambini Tanzania asiambiwe kwamba mdundo wake si wa kweli kwa kuwa hakuzaliwa Gitega. Safari yake nayo imekuwa sehemu ya historia ya ngoma hiyo.

Na wewe mfanyabiashara, kabla ya kutaja bei ya kikapu, muulize mama aliyekisuka kilikusudiwa kubeba nini. Ukimsimulia mteja wako jibu lake, utamuuzia kikapu pamoja na habari yake, na bei ya haki kwa fundi itakuwa rahisi kuitetea.