Je, Wajua? Fimbo ya Jigi Huchaguliwa Kuanzia Chini ya Bahari

Uvuvi wa jigi hauna chambo. Unashusha jigi, yaani kipande cha risasi chenye umbo la dagaa, mpaka kigonge chini, kisha unakipandisha kwa mikupuo hadi kolekole, jodari au chewa ashawishike kuwa kitoweo kinamkimbia. Kazi ya kumhadaa samaki hufanywa na fimbo, na asubuhi nzima fimbo hiyo hupambana zaidi na jigi kuliko na samaki. Ukilikumbuka hilo, hutapotea dukani.

MAJI KWANZA

Je, wajua kwamba namba ya kwanza kuisoma kwenye fimbo ya jigi ni gramu? Juu kidogo ya mpini utakuta maandishi kama 100–250 g. Huo ndio uzito wa jigi ambao fimbo inaweza kuuchezesha. Jigi ikiwa nyepesi mno, fimbo haipindi na jigi inarukaruka ovyo. Ikizidi uzito, ncha inalala, unakupua kwa nguvu zote na kule chini jigi inasogea kidogo tu. Jigi unayoitumia mara nyingi iangukie katikati ya namba hizo, isiwe mwisho wake.

Gramu zenyewe zinatokana na kina. Wavuvi wengi wa jigi huanza na gramu 2 kwa kila mita 1: mita 60, jigi ya gramu 120, mita 100, gramu 200. Anayehesabu kwa pima akumbuke kuwa pima 1 ni kama mita 1.8. Kanuni hii ni ya kuanzia tu. Kipimo chenyewe ni jigi kugonga chini na wewe kuhisi imegonga.

Je, wajua kwamba fimbo inayotosha Unguja inaweza kukuangusha Pemba? Unguja na Mafia ziko kwenye maji mafupi yanayopakana na bara, na sehemu kubwa ya bahari kati ya Unguja na Dar es Salaam haifiki hata mita 60. Pemba imetengwa na bara kwa kilindi cha mamia ya mita. Mvuvi wa upande wa bara wa Unguja anaweza kumaliza mwaka mzima na jigi za gramu 40 hadi 120. Anayetoka Shimoni, pwani ya Kenya, au Wete, Pemba, kwenda kwenye kuta za kilindi hicho atataka fimbo inayobeba 150 hadi 300.

Mwezi nao una neno lake. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Zanzibar hufikia kama mita 4, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Jigi ya gramu 150 iliyoshuka wima siku ya maji mafu, siku ya bamvua inaburutwa pembeni kama haijafungwa kitu. Kusi likivuma mambo huongezeka, maana mkondo wa bahari unaopanda kaskazini kando ya pwani yetu mwaka mzima hushika kasi zaidi msimu huo, hata kukaribia mita 2 kwa sekunde. Ukiwa na uwezo wa kununua fimbo moja tu, inunue kwa ajili ya siku ngumu za kawaida, si kwa ajili ya siku ya shwari.

UREFU NA MPINDO

Fimbo za jigi ni fupi, kwa kawaida kati ya mita 1.5 na 2. Fimbo za kurushia chambo bandia cha juu ya maji mara nyingi huzidi mita 2.2. Anayerusha anahitaji urefu ili chambo kifike mbali. Wa jigi harushi, anashusha tu ubavuni mwa boti, hivyo kila sentimita ya ziada ni mzigo wa bure.

Tuupige hesabu mzigo huo. Samaki anavuta kwa kilo 8. Kitako cha fimbo umekibana kwapani, mkono wa mbele uko sentimita 40 mbele ya kwapa, na mshipi unashuka majini mita 1.2 mbele ya mkono huo. Ili fimbo isikuponyoke, kwapa linabana kwa kilo 24 na mkono unabeba kilo 32. Samaki anavuta kwa kilo 8, wewe unanyanyua 32. Sasa chukua fimbo inayopinda vizuri, mshipi ushuke sentimita 60 tu mbele ya mkono: kwapa linabana kilo 12, mkono unabeba 20. Samaki ni yuleyule. Fimbo inayokubali kupinda ndiyo inayouokoa mgongo wako.

Je, wajua kwamba ugumu wa fimbo na mahali inapopindia ni mambo mawili tofauti? Fimbo mbili zinaweza kuhitaji nguvu ileile kuzipinda, lakini moja ikapinda nchani tu na nyingine ikapinda mpaka karibu na mpini. Ya nchani hukupa taarifa haraka na hukupua jigi kwa ukali. Inayopinda yote hutuliza purukushani za samaki mkubwa. Muuzaji akikuambia "hii ni ngumu", bado hajakuambia inapindia wapi.

Fimbo nyingi hazivunjwi na samaki, zinavunjwa na mikono. Ukiiinua wima samaki akiwa chini ya boti, mzigo wote unaiacha sehemu nene na kuhamia kwenye ncha, ambayo haikuumbwa kubeba uzito huo. Shika fimbo karibu na ulalo, na ukiipandisha usivuke nusu ya njia ya kuelekea wima. Tahadhari zaidi samaki akishaonekana, kwa sababu hapo ndipo kila mtu hujisahau na kuinyanyua juu.

Kuna shule mbili za uvuvi wa jigi. Ya kwanza ni jigi ya kasi: unakupua na kuzungusha rili bila kupumzika, kwa fimbo yenye uti imara. Ya pili ni jigi ya polepole, iliyojengewa jina na nahodha Mjapani Norihiro Sato. Fimbo yake ni nyembamba hadi ukiiona unaionea huruma. Unazungusha rili kidogo, fimbo inapinda, inajinyoosha yenyewe na kuirusha jigi juu, kisha jigi inashuka ikipeperuka. Samaki akishika, fimbo unaielekeza chini na kumpandisha kwa rili. Ukimpigania kwa fimbo kama ulivyozoea kwenye jigi ya kasi, utarudi na vipande viwili.

KABONI, KIOO NA RADI

Fimbo za nyuzi za kioo, yaani faibaglasi, zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani miaka ya 1940. Waliotangulia katika biashara hiyo ni kampuni ya Shakespeare. Mwandishi maarufu wa tamthilia hahusiki: kampuni ilianzishwa mwaka 1897 na William Shakespeare Jr., mkazi wa Kalamazoo, Michigan.

Kaboni ilifuata miaka ya 1970. Kampuni ya Toray ya Japani ilianza kuuza nyuzi zake za kaboni mwaka 1971, na fimbo za uvuvi zikawa miongoni mwa bidhaa za mwanzo kuzitumia. Mwaka 1973 Fenwick ya Marekani nayo ikaingiza fimbo yake sokoni.

Je, wajua kwamba kaboni ya bei kubwa zaidi si lazima iwe bora kwa jigi? Kadiri kaboni inavyokuwa ngumu, ndivyo fimbo inavyokuwa nyepesi na yenye hisia kali, na ndivyo inavyozidi kuchukia kugongwa. Kwenye boti iliyojaa nanga, madumu na ndoo, fimbo iliyochanganywa kaboni na faibaglasi ni nzito kidogo lakini inasamehe mengi.

Kaboni hupitisha umeme. Wingu likianza kunguruma, laza fimbo chini na urudi pwani. Ukiwa nchi kavu, usipite umeisimamisha chini ya nyaya za umeme.

MSHIPI NA PETE

Fimbo nyingi huandikwa pia PE 2, PE 3 au PE 5, PE ikiwa poliethilini, uzi wa mshipi wa kusuka. Wengi hudhani namba hiyo ni nguvu ya mshipi, kumbe ni kipimo cha unene wa uzi wenyewe. PE 1 ni uzi wa denieri 200, maana yake mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 200. Nguvu hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo soma kilo zilizoandikwa kwenye boksi la mshipi.

Mshipi wa PE haunyumbuki kama nailoni. Nailoni inaweza kurefuka kwa asilimia 20 na zaidi kabla ya kukatika, PE huishia asilimia chache tu. Ndiyo maana unahisi jigi ikigusa mwamba mita 100 chini. Na ndiyo maana samaki akijitupa ghafla, kinachobaki kumpoza ni mpindo wa fimbo na breki ya rili. Funga breki kwa robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi: mshipi wa kilo 24, breki kilo 6 hadi 8.

Rili inayokaa juu ya fimbo na ile inayoning'inia chini yake hazitumii fimbo moja. Fimbo ya rili ya juu ina pete ndogo nyingi. Ya rili ya chini huanza na pete kubwa, ili mshipi unaotoka ukijizungusha usipige mwili wa fimbo. Namba za modeli za Kijapani mara nyingi zina B kwa rili ya juu na S kwa rili ya chini.

Ukiona fimbo ambayo pete zake zinaanzia juu kisha zinazunguka ubavuni mpaka chini, usidhani ina kasoro ya kiwandani. Rili ikikaa juu, mzigo hutaka kuipindua fimbo. Pete zikihamia chini, fimbo inatulia mkononi.

Pete ndicho kitu cha kukikagua kwa makini kuliko vyote. Chukua kipande cha pamba, kipitishe polepole ndani ya kila pete ukikizungusha ukingoni. Pamba ikiacha hata unyuzi mmoja, pete ina ufa usioonekana kwa macho, na mshipi wa PE utanyolewa hapo siku ya kwanza. Pete zenye duara la silikoni kabaidi hustahimili joto na msuguano kuliko za chuma kitupu.

DUKANI

Nenda na rili yako. Ifunge kwenye fimbo, kaza, kisha itikise: isicheze hata kidogo. Bana kitako kwapani na ushike rili. Kiwiko kikilazimika kunyooka kabisa, mpini ni mrefu kwako. Ukilazimika kukikunja hadi kifuani, ni mfupi.

Usikubali muuzaji aikunje ncha kwa vidole kukuonyesha ilivyo imara. Pitisha mshipi kwenye pete zote, funga uzito wa kilo 2 au 3 sakafuni, inua taratibu na utazame mpindo kutoka ubavuni. Uwe mviringo mmoja laini usio na kona. Kwenye fimbo ya rili ya juu, mshipi usiuguse mwili wa fimbo popote.

Fimbo nyingi za jigi hugawanyika kwenye mpini tu, na sehemu inayopinda hubaki kipande kimoja. Kabla ya kulipa, fikiria itasafiri vipi kwenye basi au boda.

HARAKAHARAKA

Shirika la IGFA linalotunza rekodi za uvuvi wa michezo duniani lilianzishwa mwaka 1939. Kwa kanuni zake, sehemu ya mbele ya fimbo, kuanzia usawa wa katikati ya rili, isipungue sentimita 101.6, na kitako kisizidi sentimita 68.58. Fimbo fupi kuliko hapo itakupa kitoweo, haitakupa rekodi.

Jodari mwenye meno marefu, Gymnosarda unicolor, ndoto ya kila mvuvi wa jigi, huwekwa na wanasayansi kwenye kundi la bonito, si kwenye kundi la jodari wa mapezi ya njano. Mmoja wa kilo 107.5 aliyevuliwa karibu na Juani, Mafia, Novemba 2015, aliingia kwenye rekodi za IGFA.

Tungsteni ni nzito kuliko risasi kwa zaidi ya mara moja na nusu kwa ujazo uleule. Jigi yake huwa ndogo na huzama haraka, ila bei yake nayo haielei.

Jigi inayoning'inia huku boti inaruka mawimbi huugonga mwili wa fimbo mpaka upate jeraha, na fimbo inakuja kuvunjika wiki nyingine kwa samaki mdogo. Funga jigi kwa rili au ivue kabisa. Ukifika nchi kavu, suuza fimbo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa pete na kikalio cha rili.

Kwa hiyo mpangilio wa kununua ni huu: kina unachovua, mkondo wake, jigi inayofika chini, mshipi, rili, na fimbo mwisho. Muuzaji akianza kukusifia samaki wakubwa waliovuliwa na fimbo yake, muulize swali moja: inachezesha jigi ya gramu ngapi? Asipojua, weka pesa zako mfukoni.