Makosa ya Upasuaji na Sababu Zake

Mwezi wa Novemba, mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa. Aliyeumwa goti alipasuliwa kichwa. Na mwenye uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Huyu wa pili hakuishi muda mrefu baadaye. Mapema mwaka 2018, katika hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ilisikika khabari iliyo dada ya hiyo: mgonjwa asiyehitaji kisu alifunguliwa kichwa badala ya mwenziwe aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni.

Wasomaji wetu, twaposikia mambo haya ulimi hukimbilia kumlaani tabibu. Wazembe wapo, wala hatuwatetei. Lakini tukichungua twaona kwamba kosa la namna hii ni nadra kuwa la mkono mmoja. Kijikaratasi cha jina hufungwa pasipo pake. Mwuguzi wa zamu ya usiku humwachia wa asubuhi maneno nusu. Mpasuaji humkuta mgonjwa amekwisha lazwa usingizi, hawezi kujisemea. Na kijana aliyeingiwa na shaka hunyamaza kwa kumwogopa mkubwa wake. Kila mmoja amwamini aliyemtangulia, na hakuna aliyehakikisha.

Madhara yake hayaishi kitandani. Kitambaa kilichosahauliwa tumboni huleta usaha, na mgonjwa hupasuliwa tena. Nyumba hupoteza mchumaji wake. Na baya zaidi, jirani mwenye maradhi yanayotibika huogopa hospitali, akangoja mpaka dawa isimfae.

Dawa ya jambo hili si ghali. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti, kwa nyakati tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Huulizwa jina lake, mahali pa kupasuliwa, na hesabu ya vitambaa na sindano. Ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, moja yao ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100.

Basi nasi tulio majumbani tunayo sehemu yetu. Tumpelekapo mzee au mtoto wetu, tutaje jina lake kamili, si la kwanza pekee. Tuulize atapasuliwa wapi na kwa sababu gani, na tuombe mahali hapo patiwe alama angali macho. Tuwatajie dawa anazotumia na zile zinazomdhuru. Kuuliza kwa adabu si kumvunjia tabibu heshima; ni kumsaidia kuichunga amana aliyokabidhiwa. Na tabibu aliye bora hachukii kuulizwa.