Chai ya Usingizi Juu ya Tembe? Usijaribu, Msee

Usingizi imekataa, stresi ya kodi imejaa kichwani, na beshte anakushow umeze tembe ya kulala kisha ushushe na chai ya kamomaili. "Ni majani tu, haina noma." Iko na noma.

Kwa ubongo kuna kemikali inaitwa GABA. Kazi yake ni kama breki ya mat: inaambia seli za neva zipunguze mwendo. Diazepamu, ile wengi wanajua kama Valium, inafanya breki ishike zaidi. Pombe pia. Na mzizi wa valeriani unaguza breki hiyo hiyo. (Valium haitoki kwa valeriani, majina tu ndio yanafanana.) Kamomaili nayo iko na apigenini, inayoguza hapo kwa nguvu kidogo.

Piriton inapitia njia ingine. Inazuia histamini, kemikali ya kukuweka macho, lakini mwisho ni ule ule: unasinzia.

Kikombe kimoja cha chai pekee yake, wengi wako sawa. Shida ni kujumlisha. Unalegea, unasahau, unapanda nduthi ukiwa nusu umelala. Tembe na pombe pamoja zinaweza hata kupunguza pumzi. Ukiona mtu haamki ama anapumua kwa shida, mkimbize hosi.

Kwa hivyo ukienda duka la dawa, taja kila kitu unatumia, hata majani. Na kama umekuwa kwa diazepamu kwa muda, usiiache ghafla ndio uhamie chai: unaweza kushikwa na degedege. Daktari ndiye anakupunguzia polepole.